Somo la Tatu Si la Kusindikiza

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za vijijini huingiwa na furaha na hofu pamoja. Furaha, kwa kuwa mtoto amefaulu. Hofu, kwa kuwa sasa ameulizwa swali ambalo aghalabu baba na mama yake hawakupata kuulizwa: Atasoma masomo gani matatu katika Kidato cha Tano na cha Sita? Swali hili hujibiwa upesi upesi, kwa shauri la jirani au la kijana aliyetangulia. Lakini jibu lake hudumu miaka mingi, maana ndilo litakaloamua mlango upi wa Chuo Kikuu utafunguka mbele ya mtoto, na upi utabaki umefungwa. Kwa sababu hii twaona yafaa kuyapima mawazo ambayo watu huyatumia katika kuchagua, na kusema wazi lipi lina nguvu na lipi halina.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe, kwa ajili ya wasomaji wasiolijua. Katika Tanzania mwanafunzi aingiaye Kidato cha Tano hasomi tena masomo yote aliyoyaanza tangu Kidato cha Kwanza. Huchukua masomo makuu matatu, na fungu hilo la masomo matatu huitwa tahasusi. Watu wamezoea kuzitaja tahasusi kwa herufi, nazo herufi zimetokana na majina ya Kiingereza ya masomo: P ni Fizikia, C ni Kemia, B ni Baiolojia, M ni Hisabati, H ni Historia, G ni Jiografia, E ni Uchumi, K ni Kiswahili, na L ni lugha ya Kiingereza. Basi PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. HGL ni Historia, Jiografia na Kiingereza. Nje ya hayo yako masomo ya nyongeza, lakini mzigo mkuu ni hayo matatu.

Ukizitazama tahasusi hizi kwa makini utaona kwamba nyingi ni kama ndugu wawili, zashirikiana masomo mawili na kuachana katika moja tu. PCM na PCB zaachana penye Hisabati na Baiolojia. PCB na CBG zaachana penye Fizikia na Jiografia. EGM na HGE zaachana penye Hisabati na Historia. HGL na HGK zaachana penye Kiingereza na Kiswahili. Kwa hiyo mtoto aliyekwisha kuyajua masomo mawili ayapendayo, na wengi huyajua, amebakiwa na kazi ya kuchagua moja, yaani la mwisho. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza, kwa sababu mawili ya kwanza huchaguliwa kwa kupenda, lakini la mwisho huchaguliwa kwa uvumi.

Wazo la kwanza tunalolisikia lasema hivi: "Chuo Kikuu chataka masomo mawili tu, la tatu ni la kusindikiza." Wazo hili halikuzuka bure. Tume ya Vyuo Vikuu imeweka kiwango cha chini, kwamba mwombaji atokaye Kidato cha Sita awe amefaulu masomo makuu mawili, na jumla ya pointi zake isipungue 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mtu akisoma hapo na kukifunga kitabu, atasema ni kweli, mawili yatosha. Walakini kitabu hakiishii hapo. Chaendelea kusema kwamba masomo hayo mawili yawe ni yale yanayotakiwa na programu inayoombwa. Si mawili yo yote, bali ni mawili yaliyotajwa. Uhandisi wataka Hisabati na Fizikia. Udaktari wa binadamu wataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, wala hauna nafasi ya somo la kusindikiza.

Tuseme kijana amesoma PCB. Amepata C ya Kemia, C ya Baiolojia, na F ya Fizikia, ambayo aliiona tangu mwanzo kuwa ni ya kusindikiza. Pointi zake mbele ya Chuo Kikuu ni 3 na 3, jumla 6, naye amekipita kiwango cha chini. Ataweza kupata nafasi mahali pengine panapotaka Kemia na Baiolojia. Lakini udaktari, ambao ndio uliomfanya aichague PCB, hawezi kuuomba. Alilolidharau ndilo lililomzuia.

Tuseme tena msichana amesoma HGL. Aliitegemea Historia na Jiografia, akakichukua Kiingereza ili kutimiza hesabu ya matatu. Siku ya matokeo akaona Historia imemwangusha, amepata S, ambayo haihesabiwi kuwa ni kufaulu somo kuu. Lakini Jiografia amepata C, na Kiingereza C. Sasa ana pointi 6 katika masomo mawili, na ziko programu nyingi za elimu ya jamii zitakazompokea. Somo lililoitwa la kusindikiza ndilo lililobeba mzigo. Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Nasi twaongeza kwamba hata mawili hayainjiki. Mama apikaye hawezi kusema jiwe la tatu ni la mapambo.

Fauka ya hayo, Baraza la Mitihani lenyewe halihesabu mawili. Daraja la mwanafunzi wa Kidato cha Sita hupatikana kwa kujumlisha masomo makuu yote matatu, na hapo hesabu hugeuzwa: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Mwenye jumla ya 3 mpaka 9 yu katika daraja la kwanza. 10 mpaka 12, la pili. 13 mpaka 17, la tatu. Yule kijana wa PCB tuliyemtaja ana 3 na 3 na 7, jumla 13. Cheti chake chasoma daraja la tatu, na F moja ndiyo iliyomshusha. Kwa hiyo wazo la kwanza twalikataa. Limesoma nusu ya kanuni.

Wazo la pili ni la heshima. Lasema kwamba masomo ya sayansi na hesabu ni ya wenye akili, na mengine ni ya waliobaki. Kwa hiyo mtoto aliyefaulu vema asichague somo litakalomshusha machoni pa watu. Hatutaki kuwadhihaki wazazi wasemao hivi, maana wana sababu. Wameona madaktari na wahandisi wakitafutwa. Wameona pia kwamba tangu mwaka wa masomo wa 2022/2023 Serikali imekuwa ikitoa ufadhili unaoitwa wa Samia kwa wale waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi katika Kidato cha Sita. Mzazi maskini asikiaye kwamba mtoto wa mwenziwe amesomeshwa bure kwa ajili ya Fizikia, tumlaumu kwa nini akiitamani Fizikia?

Kosa lao haliko katika kutamani, liko katika kuruka neno moja. Ufadhili haukutolewa kwa waliosoma sayansi, ulitolewa kwa waliofaulu sayansi vizuri sana. Heshima ya somo haihamii kwa mwanafunzi kwa kuandikwa jina lake tu. Na tuchukue mfano wa EGM na HGE, tahasusi mbili zinazoachana penye Hisabati na Historia. Kijana aliyepata D ya Hisabati katika Kidato cha Nne, na B ya Historia, ahimizwa na baba yake aende EGM kwa sababu M ina heshima. Baada ya miaka miwili apata B ya Uchumi, B ya Jiografia, na F ya Hisabati. Daraja lake ni 2 na 2 na 7, jumla 11, yaani la pili. Lau angalisoma HGE akapata B mbili zile zile na C ya Historia, angalikuwa na 2 na 2 na 3, jumla 7, daraja la kwanza. Programu zinazotaka kufaulu Hisabati zimefungwa kwake katika njia zote mbili. Tofauti ni kwamba katika njia ya kwanza zimefungwa baada ya miaka miwili ya kuhangaika na kuvunjika moyo.

Lakini msomaji asitufahamu vibaya, akadhani twamshauri kila mtu aikimbie Hisabati. Yuko mwingine aliyepata B ya Hisabati na B ya Historia, akasita. Huyo twamwambia bila kuogopa: chukua Hisabati. Uchumi, takwimu, uhasibu, bima, mambo ya fedha, vyote hivyo huitazama Hisabati kwanza. Na mtu anaweza kujisomea vitabu vya Historia jioni nyumbani kwake akiwa mtu mzima, lakini ni wachache mno wawezao kurudia Hisabati iliyoachwa. Penye nguvu sawa, na achague somo lifunguzalo milango mingi. Penye nguvu zisizo sawa, na achague nguvu yake. Hii ndiyo kanuni tunayoitetea katika makala haya, na yote mengine ni maelezo yake.

Hapa hatuna budi kutaja jambo linaloumiza. Kanuni hiyo ya nguvu ya mtoto mara nyingi haitumiki kwa watoto wa kike. Binti aliyepata B ya Fizikia na B ya Jiografia huambiwa achague CBG badala ya PCB, si kwa sababu alama zake zasema hivyo, bali kwa sababu watu husema Fizikia ni ya wavulana. CBG ni tahasusi njema. Yafungua njia ya kilimo, ya misitu, ya mazingira na ya ualimu, na nchi yetu ya wakulima yahitaji watu hao. Lakini haifungui njia ya udaktari wa binadamu, kwa kuwa Fizikia haimo. Basi anayembadilishia binti herufi hiyo moja kwa mazungumzo ya barazani, na ajue kwamba amemwondolea hospitali nzima. Ikiwa binti mwenyewe apenda kilimo, vema. Ikiwa ameondolewa tu, hayo si mashauri mema.

Wazo la tatu ni kinyume cha la pili, nalo ni la wepesi: "Chukua somo jepesi, upate alama." Wenye wazo hili hupenda kutaja Kiswahili, wakisema ni lugha yetu, tutashindwaje? Twasema kwamba hakuna somo jepesi katika Kidato cha Sita. Kiswahili cha huko si kile cha kuombana chumvi. Ni sarufi, fasihi, ushairi, historia ya lugha na uhakiki wa vitabu, na aingiaye kwa dharau hutoka kwa aibu. Wepesi hauko katika somo, uko katika kufaana kwa somo na mtu. Kijana apendaye kusoma mashairi, anayeuliza maana ya maneno, anayeandika bila kusukumwa, huyo Kiswahili ni chake, nacho kitamfikisha kwenye ualimu, uandishi wa habari, tafsiri na utangazaji. Kijana anayekichukua kwa sababu amechoka, atakuta na Kiswahili kimemchoka.

Sasa tuiseme orodha yenyewe. Mwezi wa Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, hata jumla yake ikawa 65, zilizogawanywa katika makundi saba: sayansi ya jamii, lugha, biashara, sayansi, michezo, sanaa, na elimu ya dini. Pia wahitimu wa Kidato cha Nne walipewa nafasi ya kubadili machaguo yao baada ya kuyajua matokeo. Twalisifu jambo hili. Hapo kwanza mtoto mwenye kipaji cha muziki au cha michezo alilazimika kukificha kama kosa. Sasa kimepata mahali katika orodha. Na ni haki mtu achague akiyajua matokeo yake, wala si kwa kubahatisha.

Hata hivyo urefu wa orodha si sawa na upana wa uhuru. Hakuna shule ifundishayo tahasusi zote 65. Kila shule hufundisha chache, kwa kadiri ya walimu na vyumba na vifaa vyake. Mtoto wa mjini anayezungukwa na shule nyingi aweza kuitumia orodha hiyo kweli. Mtoto wa kijijini atapelekwa penye nafasi, pengine mbali sana, na orodha kwake huwa kama bidhaa nzuri dirishani pa duka lililofungwa. Tena masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia yana mtihani wa vitendo, ambao hauwezi kufanywa kwa ubao na chaki. Shule isiyo na maabara ya kutosha, au isiyo na mwalimu wa somo, ikiandika herufi hiyo mlangoni, imeandika jina tu. Twasema hivi si kwa kuipinga Serikali, bali kwa sababu sifa ya orodha ni kutekelezeka kwake. Afadhali tahasusi 20 zenye walimu kuliko 65 zenye majina.

Na wazazi wasidhani mpango huu wa masomo matatu umeshuka kutoka mbinguni, wala haubadiliki. Tumeurithi kwa Waingereza, ambao waliuanzisha mtihani wao wa ngazi hii mwaka 1951. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda Baraza lake kwa sheria ya mwaka 1973, lakini iliendelea na masomo matatu. Jirani zetu wa Kenya waliuacha kabisa. Mfumo wao wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na Kidato cha Tano na cha Sita vikatoweka kwao. Basi mpango huu ni kazi ya mikono ya watu, una faida na una hasara. Faida yake ni kwamba mtoto huzama katika mambo machache na kuyajua. Hasara yake ni kwamba kijana wa miaka 16 au 17 aambiwa aamue mambo ya mtu mzima. Kwa kuwa hasara hiyo ipo, sisi watu wazima ndio yatupasao kumpunguzia uzito wake.

Tufanyeje, basi? Twatoa mashauri manne.

La kwanza, uchaguzi na uanzie mwisho. Mtoto na mzazi wakitafute kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu, ambacho hutolewa kila mwaka na hupatikana bila malipo katika intaneti. Na kama kijijini hapana njia, mwalimu wa sekondari aombwe kukionyesha. Wazitazame programu tatu au nne ambazo mtoto azipenda, wasome masomo yanayotakiwa, kisha ndipo warudi kwenye herufi. Wengi huanza na herufi, na huja kukisoma kitabu baada ya miaka miwili, wakati ambapo hakisaidii tena.

La pili, alama za mtoto zitazamwe za miaka minne, wala si za mtihani mmoja. Somo lililopanda taratibu kutoka D mpaka C lina ahadi kuliko somo lililoshuka kutoka A mpaka B. Mwalimu wa somo aulizwe kwa siri na kwa heshima, naye aseme kweli hata kama kweli hiyo haimfurahishi mzazi.

La tatu, shule iulizwe kabla ya kuandikwa: Nani afundisha somo hili? Maabara ikoje? Waliotangulia walifaulu namna gani? Maswali haya si ufidhuli. Mtu anunuaye ng'ombe humtazama meno. Kwa nini aone haya kuuliza habari za mahali atakapomwacha mtoto wake miaka miwili?

La nne, mtoto mwenyewe asikilizwe. Hatusemi aachiwe peke yake, maana ni kijana bado. Twasema aulizwe na kupewa nafasi ya kujibu, tena mara mbili, kwa kuwa jibu la kwanza la mtoto mara nyingi ni lile adhanilo kwamba baba yake alitaka kulisikia. Mzazi ataweza kulipa ada, kuuza mbuzi, kukodisha shamba, kuomba kwa ndugu. Lakini hawezi kuingia chumba cha mtihani kwa niaba ya mtoto. Aliye ndani ya chumba kile ana haki ya kusema ni somo gani ataketi nalo.

Walimu wenzetu nao tunawakumbusha jambo moja. Neno letu shuleni lina uzito kuliko tunavyodhani. Tukisema mbele ya darasa kwamba tahasusi fulani ni ya wavivu, watoto watalipeleka neno hilo nyumbani, na litakaa katika kijiji kizima miaka kumi. Na tuseme yale yaliyoandikwa katika mwongozo, na yale tuliyoyaona katika madaftari ya watoto, tuyaache mengine.

Mwezi huu ziko nyumba zenye karatasi mezani, na mahali pa herufi ya tatu pangali wazi. Wasomaji wetu wenye watoto wa namna hiyo tunawaomba wasiijaze usiku mmoja. Wakae na mtoto, wakae na mwalimu, wakisome kitabu mpaka mwisho, ndipo waandike.